Mjane wa Nafasi ya Kwanza

Jumatatu, 11 Agosti

Gazeti la jimbo limetoa orodha ya kabla ya msimu. Ligi yetu ya mpira wa Kimarekani ina timu kumi na mbili. Sisi, timu ya Nungunungu wa Chuo cha Orrin, tumewekwa wa kumi na mbili. Wa mwisho! Chini ya Chuo cha Mudge, ambao mwaka jana walisahau kofia zao ngumu nyumbani wakaja kuazima zetu.

Eti tunajenga upya. Kila mwaka tunajenga upya. Nyumba gani hii isiyofika kupauliwa? Kocha ni mpya. Mrushaji mkuu amehamia chuo chenye bwawa la kuogelea. Wale vijana watano wanene wa kumlinda mrushaji wa sasa wamejuana juzi.

Nilikwenda mgahawani nimefura. Shemeji Delbert, kaka wa mke wangu, akatangaza mbele za watu kwamba gazeti limetuhurumia, yeye angetuweka wa kumi na tatu. Watu wakacheka. Mimi nikasema tutakuwa wa pili. Wakacheka zaidi.

Lakini orodha si shida. Shida ni Nafasi ya Kwanza. Pale uwanjani, kando ya lango la kaskazini, kuna mahali pamoja tu penye kivuli, karibu na choo, pa kuegesha gari na kuchoma soseji kabla ya mechi. Palikuwa pa baba, kisha pangu. Mwaka jana jiko langu liliyeyusha ngoma kubwa ya bendi ya chuo. Ajali! Chama cha Mashabiki kikaninyang'anya. Sasa watampa shabiki mwenye moyo kuliko wote, atakayechaguliwa na wasikilizaji wa Vance Kopecky, mtangazaji wa asubuhi wa redio ya hapa mjini. Delbert ameshanunua jiko jipya.

Marehemu baba aliniachia vitu viwili: nafasi ile na goti bovu. Goti hakuna anayeligombea.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepiga simu redioni. Nimesema wa pili, kwa hoja nzito. Vance alinishukuru, kisha akaweka tangazo la mbolea nikiwa bado naongea.

Nimewaza siku nzima huku nikisambaza magunia ya chumvi ya kulainishia maji (ndiyo kazi yangu). Nimegundua kosa. Mtetezi haonekani kama hakuna msaliti. Delbert hafai, yeye kila kitu anakifanya mzaha. Nahitaji msaliti wa kweli, mtu baki, mwenye mdomo.

Nimemtengeneza. Bi. Ottilie Grabow. Mjane. Anafuga kuku, anaishi nje ya mji, hana gari wala wageni. Sauti nyembamba. Nimeifanyia mazoezi gerejini, kwenye simu ya ukutani, na taulo mdomoni. Nina kipaji! Kesho ataitukana timu, mji utawaka, nami nitapiga simu kuitetea. Kivuli kitarudi nyumbani.

Jumatano, 13 Agosti

Sielewi kilichotokea.

Bi. Ottilie alipiga simu saa moja asubuhi. Vance akamuuliza kwa adabu, mama unatuweka wa ngapi? Akajibu: “Wa mwisho, mwanangu, na tushukuru ligi haina wa kumi na tatu. Kuku akinyonyoka manyoya humpeleki kwenye maonyesho. Unamwacha bandani, unampa punje zake, unanyamaza. Manyoya yatarudi yenyewe. Ila usimwite tausi!”

Maneno ya kuku nimeyaokota kwa mke wangu Arlys, ambaye ana kuku nyuma ya nyumba na huongea nao kuliko anavyoongea nami.

Nikakata. Nikavua taulo. Nikapiga tena kama mimi, nikiwa tayari kunguruma. Vance akaniambia, Merle, subiri, simu zote zimejaa, kila mtu anataka kumsifia yule bibi. Nilisubiri mpaka habari za bei ya mahindi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mji umerogwa. Ubao wa matangazo nje ya benki umeandikwa WA KUMI NA MBILI NA TUNANYONYOKA. Kocha mwenyewe alikwenda redioni akasema huyo bibi ndiye mtu wa kwanza kuielewa timu yake. Ametundika unyoya wa kuku kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Vijana wanaugusa wakitoka!

Nilijaribu kumharibia jina. Jana nilimfanya Ottilie aseme bendi inapiga kama mabati yanayoanguka. Watu walipiga makofi mgahawani. Hata mpiga tarumbeta alipiga.

Basi leo nikaamua kumkabili ana kwa ana. Simu ya gereji sikio la kulia, ya mkononi sikio la kushoto, taulo linaingia na kutoka. Nilianza vizuri. Nikamwambia, mama, kwa heshima zote, wewe huna imani. Akanijibu hapohapo, bila hata mimi kufikiri: “Wewe si ndiye Merle wa chumvi? Baba yangu wee, maji ya watu umeyalainisha, kichwa chako umekiacha!”

Vance alicheka mpaka akaanguka na kiti. Nimeshindwa mjadala na mimi mwenyewe.

Mgahawani walinipokea kwa “Karibu, Merle wa chumvi!” Delbert akaniwekea kidau cha chumvi mbele ya mayai yangu, akainama kama mhudumu. Nimeumia, nasema kweli.

Jumapili, 17 Agosti

Matokeo yametangazwa baada ya ibada. Nafasi ya Kwanza imekwenda kwa Bi. Ottilie Grabow. Delbert wa pili. Mimi nimepata kura mbili. Moja niliipiga mwenyewe. Ya pili alinipigia Ottilie.

Delbert hata hakukasirika. Alisema bibi anastahili, na atampelekea kiti chenye mto ili mgongo usimsumbue. Vance anamtaka Ottilie aje siku ya mechi ya kwanza apige king'ora cha kuanzia.

Nimejaribu gauni la Arlys mbele ya kioo. Halipiti mabegani. Zipu nimeirudisha kadiri nilivyoweza.

Jumatatu, 18 Agosti

Hakuna njia nyingine. Ottilie lazima afe.

Nilipiga kwa sauti nzito kama mpwa wake kutoka Idaho. Nikasema shangazi ametutoka usiku, kwa amani, miongoni mwa kuku wake, na wosia wake wa mwisho ni kwamba Nafasi ya Kwanza apewe Merle Haugstad, kijana aliyemkosea lakini mwenye moyo safi.

Sehemu ya wosia haikusikika. Vance alikuwa analia na ameshaweka kinanda cha kanisani.

Jioni Chama cha Mashabiki kimekutana kwa dharura. Wameamua Nafasi ya Kwanza haitaegeshwa gari na mtu yeyote, milele. Watazungusha mnyororo na kupanda maua. Choo kitabaki wazi.

Maua! Pale baba aliposimama na koleo lake la soseji!

Jumanne, 19 Agosti

Huku kwetu mtu akifa unapika. Unaoka viazi na nyama ya kusaga na supu ya uyoga, unabandika karatasi yenye jina lako chini ya bakuli ili lirudi, unapeleka kwa wafiwa. Ottilie hana nyumba. Watu wamepeleka redioni. Vance anatangaza akiwa amezingirwa. Asubuhi alisikika akitafuna katikati ya taarifa ya hali ya hewa.

Nikaona nisipopeleka nitashukiwa. Nikachukua bakuli la bluu la Arlys, lenye chakula cha jioni ndani, nikalipeleka. Nililia kidogo pale mlangoni. Nadhani nilifanya vizuri.

Arlys aliporudi akauliza bakuli la mama yake liko wapi. Nikamwambia limekwenda msibani. Nani amefariki? Nikasema, Bi. Ottilie Grabow. Akasema, pole kwa msiba. Kisha akauliza ni nani atarudisha mabakuli ya watu kama marehemu hana jamaa mjini wala kaburi la kwenda kuuliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Akauliza pia ni nani kapanua mabega ya gauni lake la kanisani. Nikasema unyevunyevu.

Jumatano, 20 Agosti

Ottilie Grabow yu hai.

Nilikuwa jikoni peke yangu, nakunywa kahawa, redio iko wazi, Vance anasoma ratiba ya mazishi. Simu ikaita kule redioni. Sauti nyembamba. Ile ile! Na mimi nimeshika kikombe!

“Vance, mwanangu, acha kunizika, bado nina mayai ya kuokota.” Vance akapiga ukelele. Akauliza, mama, na mpwa wako wa Idaho? Akajibu: “Yule hajambo, ila ana uongo mwingi na goti bovu. Sasa sikiliza. Kila mtu aje achukue bakuli lake leo, aoshe mwenyewe. La bluu lioshwe na aliyelileta, kwa mkono, si kwa mashine. Na ile nafasi yangu, mimi sina gari, na kuku hawawezi kuachwa. Naomba kijana Delbert anitunzie. Ibaki yangu, yeye achome soseji tu. Na amwachie kila mtu nafasi kwenye benchi, hata yule wa chumvi.”

Nikasikia kuku wakilia kwa nyuma. Kuku wa kweli!

Nilikimbilia gerejini kuangalia kama simu yangu imeibiwa. Nikakutana na Arlys mlangoni anatoka. Alisema alikuwa anatafuta kopo la rangi. Hakuwa na kopo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kuku watatu wamo ndani. Mkono wa simu ulikuwa na joto, nadhani ni Agosti hii.

Nimekaa nikafikiri. Jibu ni moja tu. Katika wilaya hii, kwa bahati ya ajabu kabisa, yupo mjane wa kweli anayeitwa Ottilie Grabow, anayefuga kuku, na mimi nilimkisia kama alivyo. Ni kipaji cha kutisha.

Nimeosha bakuli la bluu. Kwa mkono. Sikutaka kugombana na mtu aliyefufuka.

Jumamosi, 30 Agosti

Mechi ya kwanza, dhidi ya Chuo cha Mudge. Niliegesha mwisho kabisa, kando ya zizi la ng'ombe wa chuo. Upepo ulikuwa unatoka zizini. Soseji zangu zilishika harufu.

Kutoka kule nilimwona Delbert kivulini na jiko lake jipya. Kando yake ameweka kiti chenye mto, kitupu, cha Ottilie. Watu wanakipungia mkono wakipita. Nilimkumbuka baba. Alikuwa akinishika bega palepale kabla ya kila mechi na kusema mwaka huu tutawashangaza. Hatukuwahi kumshangaza mtu.

Arlys alinifuata na sahani ya soseji za Delbert. Akasema Delbert amebakiza nafasi kwenye benchi, na ananiita. Akasema, “Twende bwana, baba yako angekwenda.” Nilikataa. Nina msimamo. Soseji nilizila, zilikuwa nzuri kuliko zangu, na hilo halitoki nje ya shajara hii.

Tumeshinda! Tatu kwa mbili! Hakuna aliyewahi kuona matokeo ya ajabu namna hii. Mrushaji wetu alianguka bila kuguswa, mara nyingi. Yule mrushaji wa Mudge alianguka zaidi. Watu walimbeba kocha, kisha wakakibeba kile kiti kitupu wakakizungusha uwanja mzima. Vance anasema sasa tunastahili kuwa wa kumi na moja. Delbert anasema tusilewe sifa.

Jumapili, 31 Agosti

Nimepata njia. Haina kosa hata moja.

Nafasi bado ni ya Ottilie. Delbert ni mtunzaji tu. Ottilie ni mjane. Basi aolewe! Kesho asubuhi atapiga simu redioni Kanali mstaafu Thaddeus Brock, mgane, sauti ya kukwaruza, mpenda kuku. Atamposa hewani, mbele ya mji mzima. Mwanamke gani atakataa mbele ya watu? Wakishaoana, mali ya mke ni ya mume, na Kanali, akiwa na shughuli nyingi, atamkabidhi rafiki yake wa karibu, Merle Haugstad.

Nimefanya mazoezi ya kukwaruza gerejini tangu chakula cha mchana.

Niliporudi ndani, Arlys alikuwa anafuta lile bakuli la bluu. Bila hata kugeuka akaniambia amekuwa akiwaza, eti mtu kama Bi. Ottilie, baada ya yote aliyoyapitia na mwanamume mmoja, haoni kama atakubali kuolewa tena.

Nikamwambia kwa upole, mke wangu, mambo ya mpira wewe huyajui.