Profesa Mou Avua Viatu Manlei

Njooni, enyi wenye masikio! Wekeni chini visu vya kugemea mpira, viacheni vikapu vya wali wa kunata vipoe, na huyo jogoo mnyamazisheni. Kwa maana leo inasimuliwa vita kuu ya Profesa Mou Jingtang, Simba wa Madodoso, Mfalme wa Asilimia, mwenye vyeti kumi na saba ukutani, na jinsi alivyoikabili ngazi ya mbao yenye vipandio saba katika kijiji cha Manlei, akaipanda yote, wala hakufa.

Miaka ishirini na miwili shujaa huyu aliwafuatilia wenye virusi vya Ukimwi katika milima hii ya mpakani: waliojidunga sindano za dawa za kulevya, wasichana wa baa, madereva wa malori, wanaume wapendao wanaume wenzao. Akawapa jina lililovuma hata ng'ambo ya bahari: Watu Wasiofikika. Kwa jina hilo alipanda ndege, kwa jina hilo alihutubia kumbi zenye maua mezani, kwa jina hilo akapewa uprofesa, na baada ya uprofesa idara nzima. Nao Wasiofikika, muda wote huo, walikuwa nyumbani kwao wanakula chakula cha mchana.

Maana nyumba za Manlei zimesimama juu ya nguzo, na hakuna apandaye na viatu. Hata mkuu wa wilaya huviacha chini, vikalala pamoja na kandambili za watoto. Profesa Mou hakuvua. Tangu siku ya kwanza alisimama chini, ubavuni mwa banda la kuku, akainua dodoso mfano wa ngao, na kwa sauti iliyotawanya bata akauliza kuelekea barazani: "Katika siku thelathini zilizopita, umelala na watu wangapi?" Majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Aliyejibu "hakuna", akaandikwa hakuna. Aliyenyamaza, akaandikwa hafikiki. Na shujaa akarudi garini, viatu vyake vikimeta.

Basi ikafika siku ya vita, nayo haikumkuta profesa peke yake, ilimkuta na Yu Han, mtunza funguo wa chumba cha dawa za Ukimwi kilicho nyuma ya kinu cha mpunga. Chumba hicho kiliishi kwa fedha za utafiti, na barua ya mkoani ilisema hivi: madodoso mia tatu yakamilike kabla ya adhuhuri ya leo, na moja alijaze profesa kwa mkono wake, ndani ya nyumba ya anayehojiwa. Likipungua hata hilo moja, kabati la dawa lipakiwe garini lirudi mjini.

Mia mbili tisini na tisa alikuwa ameyajaza Yu Han, peku, nyumba kwa nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa anameza dawa hizo mwaka wa tisa. Aliikumbuka enzi ya dawa kuwa mjini, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Mumewe alikosa safari moja kwa sababu ya kugema, akakosa ya pili kwa sababu ya mvua, na msimu uliofuata hakuwepo.

Lililobaki lilikuwa la Ai Kham, mgema mpira, ambaye pikipiki ilimwangusha, mguu ukafungwa plasta hadi pajani. Kushuka hawezi. Na ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Profesa akasimama mbele ya ngazi, akavuta pumzi, akanena: "Dada Yu Han! Miaka ishirini na miwili nimesimama mlangoni pa taifa, maradhi yasipite. Sayansi haitembei peku! Nani ajuaye sakafu ya watu hawa imeficha sindano ngapi?"

"Sakafu hiyo Bibi Yu Wan anaipiga deki asubuhi na jioni," Yu Han akasema. "Ya ofisini kwako je?"

Juu barazani, Bibi Yu Wan, mama yake Ai Kham, akachungulia. "We Yu Han! Huyo mgeni wako anapanda, au anataka kutagia hapo bandani?"

"Mwache, mama," Ai Kham akadakia kutoka ndani. "Sisi hatufikiki. Si ameshaandika?"

Shujaa akatazama saa, akatazama njia ya garini. Yu Han naye akasogea, akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

Ndipo vita ikaanza. Profesa akainama, miwani ikaingia ukungu, vidole vyake vilivyozoea kalamu vikakutana na kamba zilizopigwa fundo juu ya fundo. Akavuta, zikakaza, akatukana kisomi, hazikusikia. Jasho likamtiririka kama la mtu anayeng'oa kisiki. Kuku wakaja kushuhudia. Hata kwa rehema zake Mungu kiatu cha kushoto kikasalimu amri. Lakini alipofika cha kulia, shujaa akakikumbatia kwa mikono miwili.

"Hiki hakivuliki," akasema chini chini.

"Profesa, kuna nini humo?"

"Hayo ni mambo ya binafsi."

Yu Han akasogea hatua moja. "Watu wangu uliwauliza mambo yao ya binafsi ukiwa hapa hapa, mbele ya bata. Vua."

Akavua. Na kutoka kwenye tundu la soksi, mbele ya umati wa kuku na mataifa yote, kikachomoza kidole gumba, cheupe, kimeduwaa, kama kobe anayechungulia mvua.

"Ndiyo hicho?" Bibi Yu Wan akapiga makofi. "Miaka ishirini na miwili tunafichwa *kidole*? Panda, baba, panda! Ilete hiyo soksi niishone."

Akapanda, kipandio kwa kipandio, akishika ukingo kama mtu avukaye mto uliofurika. Akaketishwa mkekani, akapewa chai. Na kwa kuwa sasa kati yake na Ai Kham palikuwa na umbali wa mkono mmoja tu, ikambidi aulize kwa sauti ya chini.

"Umewahi kujidunga?"

"Miaka sita."

Kalamu ikasimama. "Mbona zamani ulinijibu hapana?"

"Zamani ulipiga kelele, profesa. Baba mkwe wangu alikuwa nyumba ya pili, anapukuchua mahindi. Ukaniandika hapana, na hapana haipelekwi kupimwa. Nimekuja kupimwa miaka minne baadaye, nimebebwa kwa machela."

Profesa akafuta miwani, akaifuta tena. Hakuomba radhi, kwenye dodoso hakuna kipengele hicho. Akauliza la kumi na tatu, na la kumi na nne, hadi la mwisho. Saa sita kasoro robo akatia saini, akashuka, amevaa soksi yenye mshono wa uzi mwekundu.

Gari likaondoka na karatasi. Kabati likabaki.

Mwaka uliofuata, tumesikia, alisimama katika ukumbi wenye maua mezani akatangaza Njia ya Mou, ya kuwafikia Wasiofikika, nao wasomi wakasimama wakampigia makofi. Katika picha aliyowaonyesha yuko chini ya ngazi ile, amevaa viatu.

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika, vizazi vijue: mtu mmoja alipanda vipandio saba. Mchana ule ule Yu Han alifungua kabati, akameza kidonge chake kwanza kwa maji ya birika, kisha akavua kandambili, akampelekea Ai Kham dawa zake za mwezi. Alipanda kwa pumzi mbili. Akawakuta wanakula.