Mjane wa Kwenye Karatasi

Osmund Kapinga hakushika jembe tangu aache shule, lakini siku alipowaona wakulima wanashuka milimani na visikizi masikioni, alijiona amezaliwa kuwahudumia. Alikuwa kwenye mgahawa wa jirani na stendi ya Mbinga, chai imepoa mbele yake.

"Podikasti!" akajisemea. "Washamba hawa watanisikiliza mimi, na watalipa kwa kahawa."

Jamani, kuna watu Mungu aliwapa mdomo akasahau kuwapa aibu. Jioni ile ile akakodi chumba nyuma ya saluni, akabandika magodoro ukutani, akaazima maiki na mashine ya kurekodia kwa shemeji yake Allen, mpiga muziki wa harusi kule Songea, mtu wa miraba minne asiye na utani.

"Jumatatu virudi," Allen alimwambia. "Visiporudi, dada yangu namrudisha nyumbani. Wewe nitajua pa kukuweka."

Mtaalamu wetu alishasoma ukurasa mzima mtandaoni kwamba kipindi hupangwa kwa kumjua msikilizaji. Basi akampelekea Winifrida wa stationari karatasi ya kuchapa:

"Mlengwa: mjane wa milimani, miaka sitini. Ana kahawa kavu ndani, anachukia madalali. Hajui mambo ya mikataba. Anapenda sifa. Akitajwa hewani, atatoa chochote."

Winifrida akachapa bila kupepesa macho. "Nakala ngapi, kaka Osmund?"

"Moja tu. Hiyo siri ya kazi, mdogo wangu."

"Ondoa shaka."

Siku ya tatu akabisha hodi mama mmoja wa umri ule ule, kitenge kimechakaa, rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Scolastika. Marehemu kaniachia magunia kumi na mawili ya kahawa, yamejaa ndani mpaka sina pa kulala. Na madalali siwataki hata kuwaona! Nasikia wewe unatangaza watu mpaka Ulaya?"

Osmund nusura alie kwa furaha. Mlengwa mwenyewe, kaja kwa miguu yake! Akamweleza kwa upole kwamba kila mgeni hutoa gunia moja, gharama ya hewa.

"Moja? Chukua yote, baba! Lakini tuko wajane kumi na wanne kwenye jumuiya, wote wana kahawa, na miguu haiwaruhusu kushuka. Nipe hivyo vidude nikawarekodi huko huko. Jumamosi narudi na lori la Fuso."

"Utaweza kuvitumia?"

"Si nabonyeza hapa pekundu?"

Mwenye akili angeshtuka. Osmund alikuwa anapanga magunia kichwani. Akavifunga vyombo vya shemeji kwenye kikapu cha mama yule kwa mikono yake mwenyewe, akamwitia bodaboda, na nauli akamlipia. Pumbavu kabisa.

Jumamosi Fuso halikuja. Jumatatu asubuhi Allen alimpigia simu mara tisa, kisha akaacha. Osmund akakimbilia stationari.

"Winifrida, nichapie tangazo la anayetafutwa! Mjane, miaka sitini, wa milimani, ana kahawa, anachukia madalali..."

Winifrida akavuta droo, akamwekea karatasi mezani. "Si hii hapa? Nibadilishe kichwa cha habari tu, au tuipeleke polisi ilivyo?"

"Nilisema nakala moja!"

"Ya kwako ilikuwa moja. Nyingine ya shangazi."

Akabonyeza simu, na spika ya dukani ikaamka. Nyuma ya sauti yalisikika mawimbi ya ziwa.

"Karibuni kipindi chetu cha kwanza kutoka Lituhi. Mimi ni Scolastika, muuza dagaa, sijawahi kupanda hata mche mmoja wa kahawa. Namshukuru binti wa kaka yangu, Winifrida, kwa maandalizi. Leo tunamtambua tapeli. Ni kijana wa mjini, viatu vinang'aa, kazi hana. Anapenda vya bure. Ukimwita mwanangu, atatoa chochote."

Osmund akageuka atoroke. Mlangoni alisimama mtu wa miraba minne, helmeti mkononi, kichwa kakiinamisha anasikiliza kwa makini.

"Maiki yangu ile," akasema Allen. "Inatoa sauti safi, eti?"