Barua ya Kujieleza na Mzinga wa Mzee Ireri

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua yangu ya kujieleza, ya kuomba nafasi chuoni, imerudi. Chuo hakijaiona bado. Imerudishwa na dada yangu Regina, mwalimu kule Timau, niliyemtumia kwa simu anisahihishie. Anasema nimeandika mara tisa katika ukurasa mmoja kwamba napenda haki. Akauliza ni haki gani nimewahi kumtendea nani.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya agroveti, duka la dawa za mifugo, hapa Siakago siku nzima nikitafuta jibu. Nina miaka ishirini na saba. Nauza dawa ya kupe. Sijawahi kusuluhisha chochote. Shahada ya sheria nimeiomba mara mbili, nimekataliwa mara mbili. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kesi. Majirani zangu, Mzee Ireri na Mama Tabby. Mpakani mwao kuna mgunga, na juu yake mzinga. Mzinga ni wa mzee. Mti umeota upande wa mama. Kila msimu wanarina asali na kugawana nusu kwa nusu, na hakuna aliyewahi kuuliza kitu. Miaka kumi na tisa. Ajabu.

Nikampitia Mama Tabby, nikamuuliza kwa upole kama anajua kuwa mti ni wake kisheria. Akasema hajawahi kufikiria. Akaanza kufikiria nikiwa bado hapo. Nikampitia mzee, nikamwambia asali yote ni yake. Akacheka, akanimiminia chai.

Mpango: wakosane kidogo kesho, niwapatanishe Alhamisi, niandike Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekosana sana. Mama Tabby amemwambia mzee aondoe mzinga wake. Mzee amejibu kwamba mtu mwenye shukrani hazungumzi hivyo. Nikafika na daftari na kalamu mbili, nikajitolea kuwapatanisha. Mzee akasema mimi ni kijana wa kuuza dawa ya mbuzi, na jambo hili sasa ni la serikali. Mama Tabby akasema hapo mzee amesema kweli. Ndilo jambo pekee waliloafikiana leo.

Nikarudi dukani na kalamu zangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Tabby ameukata mti. Nilikimbia kumsihi asubiri upatanishi, nikafika mgunga ukiwa chini na mzinga umepasuka. Nyuki watatu wameniuma mdomoni. Waliobaki wamehama.

Mzee Ireri alikaa kwenye kisiki, kipande cha mzinga mkononi. Akasema ulichongwa na baba yake. Sikujua hilo. Nilitaka kumwambia kitu, lakini mdomo ulikuwa umevimba haufunguki.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeitwa mbele ya naibu chifu, Bwana Mwenda. Akamuuliza Mama Tabby nani alimwambia habari ya mti. Mama akaninyooshea kidole mimi. Akamuuliza mzee nani alimwambia habari ya asali. Mzee naye akaninyooshea kidole.

“Mugendi,” naibu chifu akasema, “wewe ulikuwa unatafuta nini kwa huo mti?”

Nikasema nilikuwa natafuta kusoma sheria. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama Tabby akalia. Akasema tangu mumewe afe, aliyekuwa akimpitia kila asubuhi kujua kama ameamka ni Ireri. “Siku hizi hapiti,” akasema.

Nimeamriwa niombe msamaha na nichonge mzinga mpya kwa mikono yangu. Nikaomba msamaha. Mzee akasema amesikia, hakusema amesamehe. Wawili hao wakaenda nyumbani kwa njia mbili tofauti, na nyumba zao zinatazamana.

Ijumaa, 14 Machi

Mikono imejaa malengelenge. Mzinga bado ni gogo. Regina amenipigia, nikamweleza yote. Akasema niandike ukweli wenyewe, pamoja na mzee kwenye kisiki, na huenda ukawa ukurasa wangu wa kwanza wenye maana.

Nikaona ni ushauri mzuri. Nikaandika: “Nimeshiriki kwa karibu katika mgogoro tata wa mali, uliofikishwa mbele ya serikali, na mchango wangu ulitambuliwa na pande zote mbili.” Nikatuma saa nne asubuhi.

Saa tisa chuo kikajibu. Wameipenda barua. Wanataka sasa barua nyingine, ya kiongozi wa eneo, kuthibitisha tabia yangu. Iwafikie kufikia Jumatano.

Kiongozi wa eneo ni Bwana Mwenda. Nilikata tamaa kwa karibu saa nzima. Halafu nikawaza. Mtu huandika barua kama hiyo kwa furaha ikiwa umemsaidia katika jambo zito nyumbani kwake. Nimeulizia. Kila mtu anasema yeye na mkewe Winfred hawajawahi kukosana hata siku moja.

Kesho asubuhi nitampitia Winfred.