Chubwi ya Kijani ya Shemeji Lamar

Jumatatu, 11 Mei
Jumamosi ni shindano la klabu. Mwaka huu namshinda Lamar. Lazima! Yule samaki wa mbao anayepewa mshindi amekaa juu ya televisheni ya Lamar miaka nenda rudi, na kila tukienda kula kwake napewa kiti kinachomtazama. Lamar ni kaka wa mke wangu Nadine. Shemeji huchagui.

Leo nimejaribu chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, pale gatini. Uvuvi wetu wa Ziwa Smith ni hivi: chubwi inakaa chini kabisa, juu ya mwamba, na ndoana inaning'inia juu yake ili chambo kicheze. Basi chubwi ndiyo kila kitu. Nyepesi ilipeperushwa mpaka gati ya jirani. Nzito ilizama, ikanasa, mshipi ukakatika. Ya mviringo ilinasa. Nyembamba nayo ilinasa, ila kwa adabu. Nadine akauliza kwa nini nisimwulize Lamar anatumia ipi. Kumwuliza! Huyu mwanamke ameolewa na mimi au na nani?

Jumanne, 12 Mei
Lamar alikuja kurudisha ngazi. Akaingia jikoni kunywa chai ya barafu. Sanduku lake la uvuvi likabaki kwenye pikapu, halijafungwa hata. Nifanyeje? Nikachungulia.

Chubwi zake zote amezipaka rangi ya kucha ya mkewe. Kijani! Nikachukua moja. Si wizi, ni utafiti. Nimeipima kwenye mizani ya unga ya Nadine. Kumbe ni ya wastani tu, nyembamba. Nikakimbia dukani kununua za uzito huohuo. Ile ya kijani naiweka mfukoni, iniletee bahati.

Alhamisi, 14 Mei
Zinafanya kazi! Samaki watatu kabla ya chakula cha mchana. Nimeanza kufikiria mahali pa kumtundika yule wa mbao.

Bi Earlene, mwenyekiti wa klabu, alipiga simu. Alikuwa dereva wa basi la shule, na bado anaongea kwa kufoka, kana kwamba mtoto kasimama kwenye kiti. Mwaka huu kila samaki atapitishiwa kifaa cha kunusa metali, maana huko kwingine watu wanawashindilia risasi tumboni ili waongeze uzito. Atakayekamatwa anafukuzwa maisha, na picha yake inabandikwa mlangoni pa duka la chambo. Nikamwambia ni jambo jema sana. Sisi waaminifu tuna hofu gani?

Jumamosi, 16 Mei
Nilivua dubwana. Karibu na daraja la zamani, samaki mnene kama paka wa Nadine. Kwenye kupima watu wakaguna. Lamar akatazama viatu vyake. Raha iliyoje! Kisha Bi Earlene akapitisha kifaa chake, nacho kikalia.

Akatia koleo ndefu kooni mwa samaki, akatoa chubwi. Ya kijani.

Lamar akasema hiyo ni yake, na ajabu, moja imepotea sandukuni tangu siku aliyorudisha ngazi kwangu. Watu wote wakanigeukia. Nadine akafumba macho. Niliiona picha yangu mlangoni pa duka la chambo, kati ya tangazo la minyoo na la mbwa aliyepotea.

Nifanye nini? Kukaa kimya ni kuwa tapeli. Kusema ni kuwa mwizi. Nikatia mkono mfukoni, nikaitoa yangu, nikasema ile iliyopotea ni hii hapa, nimeiiba mimi, ila samaki sijamgusa!

Lamar akaitazama moja, akaitazama ya pili. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema asubuhi samaki mkubwa alimkatia mshipi palepale darajani, akaondoka na chubwi yake.

"Shemeji, huyo alikuwa wangu kwanza! Wewe umeokota makombo!"

Wakampima tena bila chubwi. Nikawa wa pili. Lamar wa kwanza. Bi Earlene akasema wizi wa sandukuni ni mambo ya familia, tukamalizane nyumbani. Ningeweza kumbusu. Sijafukuzwa! Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Nadine hajaongea nami, lakini kanipakulia kambare wa kukaanga, tena vipande viwili.

Jumapili, 17 Mei
Baada ya kanisa, chakula kwa Lamar. Kiti kilekile. Samaki wa mbao sasa ana chubwi ya kijani mdomoni, na Lamar kasimulia kisa chote tangu mkate wa mahindi mpaka pai. Nikacheka na wengine. Nimeokoka, nimetulia, ni mtu mpya.

Nilipokwenda kunawa nikapita gereji yake. Chubwi zote kazipaka upya. Nyekundu! Na zimeongezwa uzito kidogo, nadhani. Lazima nijue.

Nimechukua mbili. Safari iliyopita kosa langu lilikuwa kuiweka mfukoni. Hizi nimezitia kwenye mkoba wa Nadine.