Mkojo wa Kashka

Jumatatu, 7 Septemba
Baba mkwe kaniita kitandani. Mzee Orozaly, mfunza farasi aliyeheshimiwa bonde zima, leo ni mifupa na blanketi. Macho yamekwisha. Mbio za tarehe ishirini, kasema, ndizo za mwisho atakazozisikia. Farasi wake Kashka atakimbia, nami nitampanda, kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto wa kiume. Masharti: nyasi kavu za mlimani, shayiri konzi mbili asubuhi na jioni, maji ya mto. Basi. Kila siku nimpelekee mzee mabua ya bandani yaliyokojolewa ayanuse. Mkojo ndio utakaosema kama farasi yuko tayari. Nimeapa.

Jumatano, 9 Septemba
Nyasi kavu! Chakula cha mbuzi! Jirani yetu Kalmurat kapita ugani juu ya farasi wake wa kijivu, kifua mbele, akauliza kama Kashka amefunga sunna. Nimecheka kistaarabu. Mchana nikaleta mkokoteni mzima wa lusini mbichi, majani yanayonenepesha hata jiwe. Kashka kala kama mgeni wa harusi. Mke wangu Burmakan asijue. Baba yake asijue zaidi.

Jumamosi, 12 Septemba
Mkojo umebadilika. Mwingi, mzito, mweupe kama uji. Harufu ya bandani inachoma macho. Burmakan kanikuta natoka humo na machozi tele, akadhani namlilia baba yake. Kanikumbatia. Sikumrekebisha. Aibu nimeona, kidogo.
Mabua yale hayapelekeki kwa mzee. Nimepenya uzio na kuiba ya farasi wa Kalmurat.

Jumatatu, 14 Septemba
Mzee kanusa. Kasugua bua kwa kidole gumba. "Huyu yuko tayari," kasema. Nikashusha pumzi. "Huyu ni wa Kalmurat. Wangu yuko wapi?"
Hakupandisha sauti. Heri angenitukana. Kanieleza polepole, akipumzika kila maneno matatu: lusini ina chokaa nyingi na nguvu kupita kiasi, na ziada yote hutokea kwenye mkojo. Farasi hunywa sana, hukojoa sana, bandani hakukaliki. Nirudishe nyasi kavu kidogo kidogo, nisimshtue tumbo. Nimeapa tena.

Alhamisi, 17 Septemba
Nyasi zimerudi. Mkojo bado una ukungu. Siku tatu tu zimebaki! Nikawaza: nguo chafu hutakaswa kwa maji mengi. Farasi je? Nimemtilia chumvi kwenye shayiri, vijiko sita vya kulia. Kanywa ndoo tano. Mkojo sasa ni kama maji ya chemchemi. Mzee kanusa mabua, akasema ananusa mto, akasinzia kabla ya kuongeza neno. Nimehesabu kuwa ni ruhusa ya kuendelea na chumvi hadi siku ya mbio.

Jumapili, 20 Septemba
Walimleta mzee na godoro lake ndani ya lori, azisikie kwato. Farasi kumi na wanane. Kashka alitoka kama mshale! Hadi darajani tulikuwa mbele, na Kalmurat anakula vumbi langu. Nilikuwa naandaa hotuba.
Mara Kashka akapunguza. Akasimama. Akatanua miguu ya nyuma.
Farasi hakojoi huku anakimbia. Nilimsihi. Nilimwita mwanangu. Akakojoa kama bomba lililopasuka, ametulia, anatazama milima. Wote kumi na saba wakatupita. Kalmurat alipata hata nafasi ya kuninyanyulia kofia.
Mzee alihesabu kwato kwa masikio, kisha akauliza wa kumi na nane yuko wapi. Burmakan akamwambia ukweli. Wanasema alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika alinishika mkono, akauliza chumvi kiasi gani. Nikamwambia.
"Farasi jasiri," akasema. "Kavumilia mpaka darajani."
Hakuniachia mkono njia nzima ya kurudi.

Jumanne, 22 Septemba
Amefariki alfajiri. Hema la msiba limesimamishwa uani. Burmakan ameketi ndani, uso kauelekeza ukutani, anaomboleza kwa wimbo kama ilivyo desturi, na kila ubeti unamtaja baba yake. Kalmurat kaja amejiegemeza kwenye fimbo, kama wafanyavyo wanaume msibani, analia kwa sauti kuliko wote. Nilitaka kumchukia. Nimeshindwa. Tulibeba jeneza bega kwa bega. Lilikuwa jepesi mno.

Jumamosi, 26 Septemba
Wosia umesomwa. Kashka ni wa Burmakan, nami nisisogelee hori lake la chakula hadi kiama. Ni haki. Nimekwenda peke yangu kaburini, nimepiga magoti, nimemwomba mzee msamaha wa dhati. Nimekiri kwamba ujanja wangu ulimnyima furaha yake ya mwisho. Nimetubu. Mimi ni mtu mpya.
Njiani nikakutana na lori la matikiti kutoka mji wa Osh. Tikiti husafisha figo, nani asiyejua? Tamu, halina chokaa, halina chumvi. Mbio za masika ziko miezi sita mbele. Nimenunua ishirini.
Wosia unasema hori. Haukutaja ndoo.