Mkalimani wa Kompyuta

Mwaka 1986, msimu wa pamba ukikaribia, Zamoyoni alikuwa mgahawani Shinyanga akinywa chai ya mtu mwingine aliponasa habari tamu. Mzee Jashvant, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kanunua kompyuta mpya, lakini haielewi programu ya ile kuukuu. Ile programu imeandikwa kwa lugha ya Koboli. Mashine mpya yajua Besiki tu. Marobota ya pamba yatapangwaje kwa madaraja?

Zamoyoni hakuwa ameiona kompyuta tangu azaliwe. Ila aliwahi kuwa mkalimani mahakamani, akafukuzwa kwa kuwatafsiria mashahidi wa Kisukuma maneno matamu kuliko waliyoyasema. Lugha ni lugha, bwana!

"Shikamoo, Mzee. Nasikia mwatafuta mtu wa kuitoa programu kwenye Koboli kuitia kwenye Besiki."

"Marahaba. Unazijua?"

"Koboli nimeinyonya. Besiki nimeoa kwao."

Akataka alipwe pikipiki, tena kabla ya kazi. Moyoni alishajiona njiani kwenda Runzewe, vumbi likimsindikiza kwenye machimbo ya dhahabu. Mzee alikubali, lakini bintiye Nirmala, mwendesha kompyuta, akatia funguo mkobani. "Ataipata akimaliza."

Siku ya kwanza Zamoyoni alizikodolea macho karatasi za Koboli kama mbuzi aliyeonyeshwa gazeti. Siku ya pili akili ikamrudia.

"Dada Nirmala, sentensi hii hapa kwenu mnaielewaje? Kila mji na lafudhi yake."

"Inasema nyuzi zikiwa fupi, robota liende daraja la pili."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akaandika kwa Kiswahili safi cha mahakama.

Wiki tatu yeye aliuliza, Nirmala akaeleza, kisha Nirmala akalichukua daftari na kuligeuza kuwa Besiki. Siku ya majaribio Zamoyoni alikaa karibu na mlango. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, halafu ikapanga marobota yote bila kosa. Akausahau mlango: hajapata kuuza kitu kikafanya kazi.

Nirmala akaleta funguo na karatasi ya Kigujarati. "Tia sahihi. Kigujarati unasoma?"

"Hata usingizini!" Akaipitisha macho, akatikisa kichwa, akasahihisha hata nukta moja, akatia sahihi.

Getini mlinzi Mabula akaushika usukani wa pikipiki. "Wapi, ng'wanawane, mwanangu? Dada amesema umesaini kwamba pikipiki ni ya kiwanda. Na wewe pia, misimu mitatu."

Zamoyoni akamgeukia Nirmala, aliyemfuata nyuma. "Dada, huu si utapeli?"

"Ni ajira," alijibu Nirmala, akimtwisha furushi la karatasi. "Maswali yako yamenifaa. Watu wa dhahabu wa Geita wameleta programu ya Fotrani. Wanaitaka Ijumaa."

Zamoyoni akaitazama barabara, akautazama mwili wa Mabula, akavua koti.

"Haya, Dada. Huu mstari wa kwanza unasemaje?"