Mbuzi Wangu Aandikwe Pipa la Kijani

Butembo, Jumanne, baada ya chai

Kwako Baba Chef wa Quartier, mkuu wa mtaa wetu, Bwana Timothée Kahongya, na kwa zile nchi sitini na moja ulizotutajia kwenye ile réunion ya watu wa mtaa,

Ninakusalimu kwa heshima yote. Anayekuandikia ni mutu aliyetembea dunia: nimefika Ulaya, nimefika Amerika, nimekula kwa meza ya wazungu. Mais lakini kwa kuwa barua hii itasomwa pia na Mama Anne-Marie, bibi yako wa ndoa, anayenijua tangu utoto, niseme ukweli: nilifika Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, nikaangalia ndege ikiruka, nikarudi nyumbani kwa miguu. Beni nimefika mara nyingi, lakini hiyo haihesabiwi.

Kwangu haihesabiwi. Kwako imehesabiwa. Ulienda Beni kwa séminaire ya siku tatu, ukarudi na modèle, mfano wao wa kupanga takataka: kila parcelle, kila kiwanja cha nyumba, mapipa matatu, la kijani kwa maganda ya chakula, la manjano kwa plastiki, la bluu kwa karatasi. Sisi wote tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa sababu Katungu, mke wangu, alinikanyaga mguu. Sasa nina malalamiko, na nayapanga kwa namba kama bureau inavyopenda.

1. Ulisema: nchi sitini na moja zimeshakubali, sisi ni nani tukatae? Baba Chef, mimi nina majirani tisa. Saba wanakoroma. Nilimweleza Katungu kwamba wengi wameshakubali, donc na mimi nianze. Wapi! Alinionyesha mlango.

2. Ulisema wataalamu wamehakikisha. Wataalamu wa wapi? Kwetu takataka haipo. Chupa tunatia mafuta ya mawese, karatasi inafunga karanga, sachet ya plastiki inaotesha miche ya kahawa, na maganda ya ndizi na mihogo ni ya mbuzi. Mukendi, agent wako aliyetoka Kasai, mutu wa adabu sana, anapita kila Alhamisi kuchungulia. Mwenye pipa tupu anaandikwa kwenye ubao: "Anakataa maendeleo." Matokeo ni kwamba kila Jumatano batu wa avenue yetu wanazunguka wakiombana takataka. Jirani yangu Mama Agar aliniazima chupa mbili zilizovunjika, na anataka nimrudishie zilezile.

3. Ulisema modèle imerekebishwa kwa hali yetu. Niliisoma ile karatasi, pole pole, maana niliacha shule darasa la nne, mwalimu alikuwa amechoka. Kule kwao kuna lori linalokuja kumwaga mapipa. Marekebisho yenu ni kuondoa lori. Donc maganda yanaozea ndani ya pipa, na mbuzi wangu, amefungwa kamba hatua mbili tu kutoka hapo, anayaangalia. Nilimuuliza Mukendi kama anaweza kuyala. Akafungua kitabu chake, akatafuta sana, akasema: "Muzee, mbuzi hapana mu modèle." Tangu siku hiyo mbuzi amekonda, haogelei tena kwenye kidimbwi, na mayai yake yamekuwa madogo.

4. Hapa sasa sicheki. Jacob, mjukuu wangu, anamuoa Falonne, binti wa batu wa Beni. Mahari ni mbuzi kumi na wawili. Kumi na mmoja wako tayari kwa ndugu zangu. Wa kumi na mbili ni huyu. Wakwe wanakuja Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na baba yake Falonne ni mutu wa kupapasa mbavu za mbuzi kabla hajasalimia mutu yeyote. Akizihesabu kwa macho tu, atapanda moto na kurudi Beni. Nitamwambia Jacob nini? Kwamba ndoa yake imezuiwa na nchi sitini na moja?

5. Ulisema tusipofuata tutabaki nyuma. Sawa, tufuate mpaka mwisho. Beni wana kakao kwa sababu wana joto: andika arrêté, amri yenye muhuri, joto lipande Butembo kuanzia tarehe moja. Ulaya wana theluji: tuletewe na sisi, kila parcelle, Mukendi aje kuipima Alhamisi. Kama hayo ni mazito, basi nipe dogo: mbuzi wangu aandikwe kwenye kitabu kama pipa la kijani. Anapokea maganda, anayamaliza, na lori hahitaji. Ikilazimika nimpake rangi, nitampaka, mais pembe tu, kwa ajili ya wakwe.

Nakuachia hapo, Baba Chef, mkono wangu umechoka kuliko hasira yangu. Salamu kwa Mama Anne-Marie, kwa batoto bote, kwa Mukendi na kitabu chake, na kwa wataalamu, kama wapo.

Ni mimi,
Muzee Mathe, mapipa matatu, mbuzi mmoja

P.S. Katungu amesoma barua hii akauliza ni mbuzi gani anayetaga mayai. Nikiri basi: barua si yangu. Ni ya Maliro, shemeji yangu wa Mabalako, aliyemlalamikia chef wake juu ya bata zake. Kule ilifaulu, na wengine watatu wameshaitumia, mimi ni nani nikatae? Nimeirekebisha kwa hali yetu. Palipobaki bata, soma mbuzi.

Na lile koti langu la kahawia nililokuazima uende nalo séminaire, bado liko kwako. Nalihitaji siku ya wakwe. Ulilichukua na vifungo vinne. Nchi nyingine sijui wanafanyaje, hapa kwetu linarudi na vinne.